Nani Mwenye Kauli Bwenini? Lovanium na Historia ya Ulezi wa Wanafunzi

Katika vyuo vikuu vyetu kuna ofisi ambayo mwanafunzi huijua kabla hajamwona mkuu wa chuo kwa macho. Ni ofisi ya mlezi wa wanafunzi, ambaye kwingine huitwa mshauri wa wanafunzi. Huko ndiko vyumba hugawiwa, malalamiko ya chakula hupelekwa, habari za posho huulizwa (ile ambayo wanafunzi wa Tanzania huiita bumu), na huko ndiko mtu huitwa anapokutwa na kosa. Katika chuo kikuu cha Kikatoliki ofisi hiyo hubeba mzigo mwingine juu ya huo. Kanisa husema kwamba halikukabidhiwa akili ya kijana peke yake. Limekabidhiwa mtu mzima, mwili na roho, imani yake na mwenendo wake. Kiswahili kimelipa neno hilo maana mbili, na katika maana hizo mbili ndimo ulimo mgogoro wote ninaotaka kuueleza. Mtu mzima ni mtu kamili asiyepungukiwa upande wowote. Mtu mzima pia ni yule aliyetoka utotoni, anayeulizwa rai yake kabla ya jambo lake kuamuliwa. Chuo kikuu cha kwanza cha Kikatoliki katika Kongo kilijitahidi sana kulea mtu mzima kwa maana ya kwanza, kikasitasita kwa ile ya pili, na kusitasita huko kukakigharimu kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida.

Lovanium ni jina la Kilatini la mji wa Leuven, Ubelgiji, uitwao Louvain kwa Kifaransa, na jina hilo lilisema wazi mtoto ni wa nani. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1954 nje kidogo ya Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kikiwa na wanafunzi waliozidi 30 kidogo tu. Mkuu wake wa kwanza, Padre Luc Gillon, alikuwa mwanafizikia, na alijenga kama mtu asiye na shaka na kesho: madarasa, maabara, mabweni, kanisa, na kufikia mwaka 1959 tanuri la nyuklia la utafiti, la kwanza barani Afrika. Vyote hivyo vilisimama juu ya kilima cha Mont Amba, mbali na mitaa ya watu, na wenyewe wakakiita kilima chenye uvuvio. Umbali huo ulikuwa na shabaha. Mwanafunzi aliyelala, kula, kusali na kusoma pahali pamoja angeweza kulelewa saa 24. Tukitaka kuwatendea haki waanzilishi, lazima tuseme kwamba kwa koloni la Ubelgiji lilikuwa jambo kubwa kijana Mkongo kupewa chumba, meza ya kusomea na maktaba kama anavyopewa Mbelgiji, kwenye chuo ambacho hakikutenga wanafunzi kwa rangi.

Lakini malezi ya namna ile hudai kwamba anayelelewa abaki mahali pake. Historia haikumwachia nafasi hiyo. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, wahitimu Wakongo wa chuo kikuu walikuwa wachache mno katika nchi inayokaribia ukubwa wa Ulaya Magharibi. Septemba mwaka huohuo Kanali Mobutu, mkuu wa majeshi, alipoisimamisha serikali, aliiweka nchi mikononi mwa Baraza la Makamishna, nalo lilijaa wahitimu vijana na hata wanafunzi ambao hawajamaliza. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akisomea sheria Lovanium, alikuwa mmoja wao. Tuitazame hali hiyo vizuri. Kijana anatolewa bwenini kwenda kusaidia kuendesha wizara, na chuo alichotoka bado kinamhesabu kuwa wa kuongozwa katika kila kitu. Mwaka 1961 wanafunzi waliunda Umoja Mkuu wa Wanafunzi wa Kongo, na juu ya kilima chama chao wenyewe kikapata nguvu. Hawakuwa tena watu wa kuambiwa tu saa ya kula.

Mwaka 1964 wakagoma. Mgomo huo haufanani na migomo ya chakula inayojulikana katika historia ya vyuo vyetu, kama ule wa Makerere wa mwaka 1952. Wanafunzi wa Lovanium walidai chuo kiwe cha Kiafrika kwa uongozi na kwa mafunzo, na walidai kitu ambacho Wafaransa hukiita kwa neno moja, nasi tunaweza kukiita uongozi wa pamoja: kiti cha mwanafunzi mahali maamuzi yanapofanyika. Madai haya mawili yalikuwa moja. Chuo kilichozaliwa na Louvain, kikaongozwa na mapadre na maprofesa wengi wao kutoka Ubelgiji, kilipoambiwa kigawane madaraka na wanafunzi wake, kiliambiwa pia kigawane madaraka na Wakongo. Dai hilo lilirudi tena miaka mitano baadaye, katika orodha iliyobebwa na wanafunzi wa mwaka 1969. Dai lililotimizwa halirudiwi na kizazi kinachofuata.

Wapo watakaosema kwamba chuo cha Kanisa hakiwezi kuendeshwa kwa kura za wanafunzi, kwa kuwa Kanisa lenyewe haliendeshwi hivyo. Ni hoja ya kupewa heshima yake. Chuo cha Kikatoliki kina wajibu kwa imani ambayo wanafunzi wa mwaka mmoja hawana mamlaka ya kuibadilisha. Ila hakuna aliyeomba kupigia kura Kanuni ya Imani. Yaliyobishaniwa yalikuwa mabweni, posho, mitaala, na nani aajiriwe. Isitoshe, chuo kikuu chenyewe ni tunda la karne ambazo Kanisa lilikuwa kiini cha elimu ya Ulaya, na huko Bologna, moja ya vyuo vikongwe kuliko vyote, wanafunzi ndio waliokuwa wakimchagua mkuu na kuwawekea walimu masharti. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye kauli si mgeni katika nyumba hii.

Wengine walisema, na bado husemwa, kwamba Wakongo walikuwa hawajakomaa. Hoja hii huanguka tukivuka bahari hadi kwa mama mzazi. Mei 1966 maaskofu wa Ubelgiji walitangaza kwamba Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kitabaki kimoja pale pale kilipo, bila kuafikiana na wanafunzi wa Kiflemi waliotaka sehemu ya Kifaransa ihamishwe. Wanafunzi waliingia mitaani. Mgogoro ukaendelea hadi Februari 1968 ukaiangusha serikali ya Ubelgiji, na mwishowe chuo kikagawanyika, upande mmoja ukabaki Leuven na mwingine ukaenda kujengewa mji mpya wa Louvain-la-Neuve. Waliotikisika hapo walikuwa Wabelgiji, katika chuo cha tangu mwaka 1425. Kosa lilikuwa lilelile lililotendwa kilimani Kinshasa: uamuzi mkubwa juu ya maisha ya wanafunzi ulitoka juu kama waraka wa kusomwa Jumapili.

Mwaka 1967 Lovanium ilipata mkuu wa kwanza Mkongo, Padre Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi huko Katanga, mwanateolojia aliyetetea hadharani uwezekano wa teolojia ya Kiafrika akiwa bado mwanafunzi na kwenda kama mtaalamu kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Nusu ya dai la 1964 ikawa imejibiwa, na ingefaa iwe mwanzo mpya. Lakini ndio mwaka uleule ambao Mobutu, sasa akiwa rais, alianzisha chama chake, MPR, na ndio mwaka ambao fedha mpya, zaire, iliingia kwa kushusha sana thamani ya sarafu ya Kongo. Posho ya mwanafunzi ilibaki na tarakimu zake ilhali sokoni ilikuwa imesinyaa. Januari 1968 wanafunzi walimzomea makamu wa rais wa Marekani, Hubert Humphrey, alipokwenda kuweka shada kwenye mnara wa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza aliyeuawa, na umoja wao wa kitaifa ukapigwa marufuku. Vijana wa chama tawala, JMPR, ndio walioandaliwa kushika nafasi hiyo.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Ulezi wa wanafunzi una uzito kwa kadiri ya vitu ambavyo mlezi ana kauli navyo. Kufikia mwaka 1969 posho ilikuwa mikononi mwa serikali, na chama cha wanafunzi kilikuwa kikimezwa na chama tawala. Kilichobaki kwa chuo kilikuwa chumba, ratiba na nidhamu. Mwanafunzi aliyekuwa na njaa hakuwa na la kumwambia mlezi wake, kwa kuwa mlezi hakuwa na la kumjibu. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliteremka kilimani kwenda mjini, wakidai posho na uongozi wa pamoja. Jeshi likawafyatulia risasi. Serikali ilikiri vifo 6. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Viongozi wao walihukumiwa vifungo, wakasamehewa kabla mwaka kwisha, na vyama huru vya wanafunzi vikafutwa.

Itasemwa kwamba wale walikuwa watoto wa neema, wenye umeme na maji ya bomba juu ya kilima, wakidai nyongeza huku mji wa chini ukilala njaa. Ni kweli kwa sehemu, na wanafunzi wenyewe wangeshindwa kuikana. Lakini nani aliyewapandisha kilimani? Chuo kilichagua umbali ule ili kiumbe tabaka la viongozi, kikawafundisha kwamba nchi inawasubiri. Tena, mtu anayedai fungu lake linyanyuliwe pamoja na haki ya kushiriki maamuzi hawezi kuhesabiwa mlafi tu. Mlafi hutosheka akijazwa sahani.

Pingamizi zito zaidi ni hili: bunduki ilikuwa ya Mobutu, na hakuna mlezi wa wanafunzi duniani anayezuia risasi. Aidha, hata pasipo na Kanisa, serikali za miaka ile ziligongana na wanafunzi. Dar es Salaam, Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu, walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nakubali kwamba damu ya Juni 1969 iko juu ya waliofyatua na waliowatuma, wala sitaki kumpunguzia mtu yeyote hatia hiyo. Hata hivyo mfano wa Dar es Salaam unaonyesha tofauti. Pale, aliyegharamia elimu na aliyefukuza alikuwa mmoja, serikali, na mwanafunzi hakuwa ameahidiwa mlezi mwingine. Kilimani Kinshasa kulikuwa na mtu wa tatu aliyesimama kati ya kijana na dola, aliyesema kwa miaka 15 kwamba yeye ndiye mzazi. Mtu huyo anaweza kushindwa kuzuia risasi. Hawezi kukosa kuulizwa kwa nini mwanafunzi alilazimika kushuka barabarani ili asikike.

Juni 1971 wanafunzi waliwakumbuka wenzao waliouawa. Mobutu alijibu kwa kuwaandikisha jeshini wanafunzi wa Lovanium kwa maelfu, kwa muda wa miaka miwili. Wengi wao, baada ya mafunzo ya kijeshi, waliendelea na masomo wakiwa askari. Fikiria somo la sheria au tiba linafundishwa kwenye chuo kilichojengwa na mapadre, na madawati yamejaa magwanda. Anayemwambia kijana saa ya kuamka, saa ya kulala na adhabu ya kuchelewa ni mkuu wake wa kijeshi. Kazi yote ya mlezi ilikuwa imechukuliwa. Agosti mwaka huohuo chuo chenyewe kikafuata: Lovanium, chuo cha serikali cha Lubumbashi na chuo cha Waprotestanti cha Kisangani viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa, na Tshibangu akapewa kukiongoza. Vitivo vikahamishwa kama mizigo. Walimu na wanafunzi wa fasihi walijikuta Lubumbashi, kwenye mji wa Kiswahili.

Kwamba Kanisa lilikuwa na uwezo wa kukataa, tunajua kutokana na kilichotokea miezi michache tu baadaye. Mapema mwaka 1972 serikali iliagiza matawi ya JMPR yafunguliwe ndani ya seminari. Maaskofu walikataa. Kadinali Joseph Malula, aliyekwishagombana na Mobutu kuhusu siasa yake ya uhalisi, yaani kurudia asili ya Kiafrika, na kuhusu majina ya ubatizo, alilazimika kuondoka nchini na kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Kadinali alikubali uhamisho, na hatimaye pande mbili zikatafuta mwafaka. Seminari ilitetewa kwa gharama, kwa sababu aliyelelewa mle alihesabiwa kuwa wa nyumbani, padre wa kesho. Mwanafunzi wa uhandisi au uchumi, aliyebatizwa na kukomunika kwenye kanisa la chuo hichohicho, alikabiliwa na JMPR ileile bila askofu wa kwenda uhamishoni kwa ajili yake. Naona uchungu kuliandika hili, lakini tukio lenyewe halina tafsiri nyepesi.

Kitivo cha teolojia kiliondolewa katika Chuo Kikuu cha Taifa mwaka 1974, na kutoka humo Kanisa lilianza upya polepole, likapata vitivo vya Kikatoliki vya Kinshasa mwaka 1987 na jina la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo mwaka 2009. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka wa vyuo vikuu vya Kikatoliki ambao unaitaja jumuiya ya chuo, wanafunzi wakiwamo, kabla ya kugeukia huduma ya kichungaji. Mont Amba yenyewe ilibaki kwa serikali, na tangu mwaka 1981 ni Chuo Kikuu cha Kinshasa. Januari 2020 wanafunzi waliandamana pale kupinga kupandishwa kwa ada. Masomo yakasimamishwa, na waliokuwa wakiishi mabwenini wakapewa saa 48 wawe wameondoka. Amri hiyo ilitoka kwa waziri.