Selimundu na Ufundi wa Kuisoma Damu

Kila mwalimu aliyefundisha miaka michache katika nchi zetu amepata kumwona mwanafunzi wa namna hii: macho yana umanjano, mwili haukui sawa na wa wenzake, na mara kwa mara hukosekana darasani kwa sababu ya maumivu ya mifupa. Ugonjwa wake ni selimundu. Majirani humsengenya mama yake. Wengine husema mtoto karogwa, wengine husema ukoo una laana. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyoufuatia ugonjwa huu maabarani, hatua kwa hatua, hata wakaifikia asili yake.

Chombo cha kwanza kilikuwa darubini. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alitangaza habari za mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye baadhi ya chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Darubini ilionyesha umbo, lakini sababu haikuionyesha.

Sababu ilianza kufichuka mwaka 1949, huko California. Linus Pauling na wenzake, Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells, walichukua himoglobini, yaani protini ichukuayo oksijeni katika damu, wakaipima kwa elektroforesi. Katika mbinu hii protini hutiwa katika maji maalumu, kisha umeme ukapitishwa, na kila protini huenda kwa mwendo wake kwa kadiri ya chaji iliyo nayo. Himoglobini ya wagonjwa ilikwenda tofauti na ya wazima. Wale waliorithi jeni ya ugonjwa kwa mzazi mmoja tu walikuwa na aina zote mbili.

Mwaka huo huo, Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza matokeo ya uchunguzi wao nchini Uganda. Miongoni mwa Wabaamba wa magharibi, watu wapatao 45 katika kila 100 walikuwa na hali hiyo ya urithi. Kwa nini jeni yenye madhara ienee hivyo? Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alitoa jibu mwaka 1954. Alipima damu ya watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala. Kati ya watoto 43 wenye hali hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa navyo. Kwa hiyo, aliyerithi jeni hiyo upande mmoja hupata ngao dhidi ya malaria. Aliyeirithi pande zote mbili ndiye augua.

Lakini himoglobini hizo mbili zatofautiana wapi? Mwaka 1956 Vernon Ingram wa Cambridge aliikata protini hiyo kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ikawa vipande vipatavyo 30. Alivitonesha kwenye karatasi, akavitenganisha kwa umeme kuelekea upande mmoja, kisha kwa kimiminika kuelekea upande wa pili. Karatasi ikapata madoa, mfano wa alama za vidole. Alipolinganisha karatasi mbili, doa moja tu lilikuwa limehama. Mwaka 1957 alieleza kwamba asidi ya glutamiki imeondoka na mahali pake imekaa valini. Katika mnyororo wa viungo 146, kosa ni moja, katika kiungo cha 6. Sisi walimu wa lugha hatuna haja ya kushangaa: baina ya kula na kufa pana tofauti ya herufi moja.

Baada ya protini, wataalamu waliigeukia jeni yenyewe. Mwaka 1975 Edwin Southern alieleza mbinu ya kuikata DNA kwa vimeng'enya, kuvipanga vipande kwa umeme, kuvihamishia kwenye utando, na kukitafuta kipande kimoja kati ya vingi. Mwaka 1978 Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wakaweza kuutambua ugonjwa huu katika mtoto asiyezaliwa bado. Mwaka 1985 ikatangazwa njia ya kunakili kipande cha DNA mara dufu katika kila mzunguko. Mizunguko 20 yaweza kutoa nakala zaidi ya milioni 1. Jeni ya selimundu ndiyo iliyotumika kuionyesha njia hiyo.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, nayo haielekei kufika vijijini kwetu upesi.

Hata hivyo, maarifa hayana bei hiyo. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni hiyo upande mmoja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Baba ametoa nusu na mama ametoa nusu. Mwalimu akilieleza jambo hili kwa Kiswahili fasaha, mbele ya wazazi na wanafunzi wake, atakuwa amemtua mama yule mzigo asiostahili kuubeba.