Karama Inayomuumiza Mwenyewe

Msomaji wa Kiswahili anamfahamu jabari mwenye mlango mmoja tu wa kifo. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo hafi kwa silaha ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe ndiye anayeichoma. Udhaifu wake ni tundu dogo katika nguvu nyingi. Riwaya mbili za waandishi wanawake zinaligeuza jambo hilo: karama yenyewe ndiyo jeraha.

Lauren Olamina, shujaa wa Parable of the Sower (1993) ya Mmarekani Octavia Butler, ni msichana wa miaka kumi na mitano. Mwaka ni 2024, pahali ni California, mtaa umezungushiwa ukuta na maji yana bei kubwa kuliko petroli. Mama yake alitumia dawa vibaya, naye akazaliwa akihisi mwilini maumivu ya kila anayemwona akiumia. Walipokuwa wadogo, mdogo wake Keith alitumia wino mwekundu kujifanya ameumia, na dada mtu akatokwa na damu ya kweli. Akimpiga mtu risasi, huanguka pamoja naye.

Onyesonwu wa Who Fears Death (2010) ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, anaishi Sudan ya baadaye, ambako kompyuta na uchawi vinakaa nyumba moja. Amezaliwa kwa mama aliyebakwa, na anaweza kujigeuza tumbusi. Mganga Aro anakataa kumfundisha kwa kuwa ni wa kike. Anapokubali, mafunzo yanamwonyesha msichana kifo chake mwenyewe. Liyongo alikuwa na siri ya kufichwa. Onyesonwu hana la kuficha, anakiendea kifo akikijua.

Wote wawili wanaishia kwenye kitabu. Lauren, binti wa mchungaji wa Kibaptisti, anaandika beti za imani mpya huku akitembea kwenda kaskazini, upande ule ule waliokimbilia watumwa wa Marekani. Onyesonwu anakuta Kitabu Kikuu kimekwisha kuandikwa, kikihalalisha kabila la Waokeke kutumikishwa na kabila la Wanuru, na kazi yake ni kukiandika upya kwa uchawi.

Hasira ya Okorafor ina msingi: riwaya ilichochewa na habari za mwaka 2004 kuhusu ubakaji uliotumiwa kama silaha Darfur. Hata hivyo, maandiko yakigeuzwa kwa uchawi, walioyaamini hawalazimiki kutubu. Lauren hana njia hiyo ya mkato. Anawashawishi wasafiri mmoja mmoja, nao wanambishia, wanamcheka, wengine wanamfuata kwa kuwa tu ana bunduki na chakula. Kwa sababu hiyo namwona Butler ameona mbali zaidi: dunia iliyoharibiwa na watu wengi haitengenezwi na mwenye karama peke yake, hata karama iwe kubwa namna gani.