Kutoka Mizani hadi Jozi ya Kani: Historia ya Dhana ya Momenti katika Elimu ya Msawazo

Vitabu vya mekanika vinavyotumika vyuoni huanza somo la momenti kwa fasili: momenti ya kani kuhusu nukta fulani ni zao la kani hiyo na umbali, unaopimwa kwa pembe mraba, kutoka kwenye nukta hadi mstari ambamo kani inatenda. Baada ya fasili huja masharti mawili ya msawazo wa gimba gumu. Jumla ya kani zote sharti iwe sifuri, na jumla ya momenti zote kuhusu nukta yoyote sharti nayo iwe sifuri. Wenzo na mizani hutajwa baadaye kama mifano tu. Kihistoria mambo yalikwenda kinyume. Mizani ndiyo iliyotangulia, masharti mawili yakaja mwisho, na baina yake ilipita miaka zaidi ya 2000. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba kilichochelewa hakikuwa kanuni ya wenzo, ambayo ilijulikana mapema sana. Kilichochelewa ni kuitambua momenti kuwa kitu kinachojitegemea, kisichohitaji egemeo wala mkono wa chuma ili kiwepo.

Maandishi ya kale zaidi ya Kigiriki kuhusu jambo hili ni Maswali ya Mekanika, kitabu kilichohifadhiwa miongoni mwa kazi za Aristotle ingawa wataalamu wengi hawakubali kuwa yeye ndiye aliyekiandika. Humo nguvu ya wenzo inaelezwa kwa duara: ncha iliyo mbali na egemeo hupita njia ndefu zaidi kuliko ncha iliyo karibu, na kwa hiyo uzito mdogo huweza kuushinda mkubwa. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 KK, aliacha kabisa habari ya mwendo. Alianza na mambo ambayo hakuna angeyapinga, kwa mfano kwamba vitu viwili vya uzito sawa vilivyo umbali sawa hukaa katika msawazo, kisha akathibitisha kwamba vitu viwili vyovyote husawazika pale umbali wao kutoka kwenye egemeo unapokuwa katika uwiano uliogeuzwa wa uzito wao.

Uthibitisho wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua vipande 6 vya uzito sawa, uvipange kwa nafasi sawa juu ya ufito ulioshikwa katikati. Ufito umetulia. Sasa vihesabu vipande 4 vya kushoto kuwa kitu kimoja kinachoning'inia katikati yao, na vipande 2 vya kulia vivyo hivyo. Kile cha uzito wa 4 kitakuwa umbali wa nafasi 1 kutoka katikati ya ufito, na kile cha 2 kitakuwa umbali wa nafasi 2. Kanuni imepatikana bila kupima chochote. Ernst Mach, katika historia yake ya mekanika ya mwaka 1883, aliona hila hapo: kudai kwamba vipande 4 vinaweza kukusanywa katikati yao bila kubadili athari yao juu ya egemeo lililo kwingine ni kudai tayari kwamba athari hiyo hukua sawasawa na umbali, na hilo ndilo lililopaswa kuthibitishwa.

Kwa maoni yangu Mach alikuwa na haki kuhusu mantiki, lakini aliisoma kazi hiyo kama jibu la swali ambalo mwandishi wake hakuliuliza. Archimedes alikuwa akitafuta vitovu vya uzito, kwanza vya pembetatu na hatimaye vya vipande vya parabola. Zao la uzito na umbali halimo katika kitabu chake, na lisingeweza kuwemo. Elimu ya uwiano ya Wagiriki ililinganisha uzito na uzito, urefu na urefu. Kuzidisha uzito kwa urefu hakukuwa na maana kwao. Kumpa Archimedes sifa ya kugundua momenti, kama vitabu vingi vya kiada vinavyofanya, ni kumvika vazi lililoshonwa karne nyingi baada yake.

Historia nyingi zilizoandikwa Ulaya katika karne ya 19 huruka kutoka Archimedes hadi Stevin na Galileo, kana kwamba mizani ilinyamaza kwa miaka 1800. Ukweli ni kwamba ilikuwa ikizungumza Kiarabu. Thabit ibn Qurra, mzaliwa wa Harran aliyefariki Baghdad mwaka 901, aliandika kitabu juu ya qarastun, yaani mizani yenye mikono miwili isiyolingana urefu, ambamo uzito mdogo husogezwa kwenye mkono mrefu hadi bidhaa iliyo kwenye mkono mfupi isawazike. Wafanyabiashara waliijua vizuri. Tatizo lake ni kwamba ufito wenyewe una uzito, na mkono mrefu huelemea hata kabla ya kuning'inizwa chochote. Archimedes hakulazimika kuhangaika na ufito mzito. Fundi wa mizani hakuweza kulikwepa jambo hilo. Thabit alionyesha kwamba uzito ulioenea sawasawa juu ya sehemu ya ufito hutenda kama uzito mmoja uliotundikwa katikati ya sehemu hiyo, kisha akaeleza namna ya kupata uzito wa kufidia. Kwa mfano wangu mwenyewe: ufito wa urefu wa vipimo 12 na uzito wa 12, ukishikwa mahali penye vipimo 2 kutoka ncha moja, una ziada ya uzito wa 8 ambayo katikati yake iko umbali wa 6 kutoka kwenye egemeo. Ili ufito utulie, ncha fupi inahitaji uzito wa 24, mara mbili ya uzito wa ufito wote. Anayekokotoa hivyo, hata asipolitaja zao, tayari analitumia.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Karibu na wakati huohuo, mwaka 1121, al-Khazini wa Merv, mji ambao magofu yake yamo Turkmenistan ya leo, alikamilisha kitabu kikubwa kwa ajili ya sultani Sanjar. Alikusanya humo kazi za waliomtangulia na kueleza mizani yenye vitanga 5, ambayo kwa kupima vitu hewani na majini iliweza kutambua dhahabu iliyochanganywa na vito vya bandia. Jina la kitabu, Mizan al-Hikma, msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa: ni Mizani ya Hekima. Sehemu zake zilichapishwa kwa tafsiri katika jarida la kitaaluma la Marekani mnamo 1860 hivi, kabla Mach hajaandika. Kwa hiyo pengo katika historia hizo halikutokana na ukosefu wa matini.

Pierre Duhem aliziba sehemu ya pengo hilo mwanzoni mwa karne ya 20 alipovirudisha hadharani vitabu vya Jordanus de Nemore na wafuasi wake wa karne ya 13. Katika kimojawapo lilitatuliwa swali la wenzo uliopinda. Ikiwa mikono miwili imekunjwa kwa pembe, ni urefu upi unaohesabiwa? Jibu lilikuwa kwamba mkono wenyewe hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni umbali wa mlalo kutoka kwenye mstari wa wima unaopita katika egemeo. Leonardo da Vinci alikwenda mbele zaidi alipochunguza kamba zinazovuta kwa mshazari: alichora mkono usiokuwepo katika chombo, mstari unaotoka kwenye egemeo na kukutana na kamba kwa pembe mraba. Hapa ndipo umbali wa pembe mraba, ule uliomo katika fasili ya leo, unapoanza kuonekana. Lakini michoro yake ilibaki katika madaftari.

Simon Stevin wa Bruges alichapisha kitabu chake cha sanaa ya kupima uzito mjini Leiden mwaka 1586, akakiandika kwa Kidachi. Aliikataa ile hoja ya kale ya duara kwa maneno machache: kinachoning'inia kimya hakichori duara lolote, na vitu vilivyo katika msawazo vinaning'inia kimya, basi duara haliwezi kuwa sababu ya msawazo. Aidha, alitanguliza hotuba ndefu ya kutetea ustahiki wa lugha yake kwa sayansi, na kwa hisabati alitumia neno lake mwenyewe, ambalo Wadachi wanaendelea kulitumia. Orodha zake za maneno mafupi ya Kidachi zilizokusudiwa kukishinda Kilatini na Kigiriki zinachekesha kidogo leo. Hata hivyo, anayeandika mekanika kwa Kiswahili atasimama hapo kwa muda. Wenzo, kwa mfano, ni neno la watu waliosogeza vyombo vizito pwani muda mrefu kabla halijaingia katika kitabu cha fizikia, ilhali momenti ilibaki na sura yake ya kigeni.

Na sura hiyo ina historia yake. Neno la Kilatini lilikuwa na maana ya mwendo, na pia ya kile kizito kidogo kinachotosha kuinamisha mizani. Galileo alilichukua katika kazi yake juu ya mashine, iliyoandikwa karibu mwaka 1600, akaliita kwa jina hilo lile elekeo la kwenda chini ambalo halitokani na uzito peke yake bali pia na mahali uzito ulipowekwa. Mwaka 1638 aliipeleka dhana hiyo mahali ambapo mizani haikuwahi kufika: boriti iliyopandikizwa ukutani, yenye mzigo kwenye ncha yake. Aliifikiria kama wenzo uliopinda. Egemeo ni ukingo wa chini pale boriti inapoingia ukutani. Mkono mmoja ni urefu wa boriti, na mwingine ni kimo chake, ambapo nyuzi za mti zote zinavuta kwa nguvu sawa. Kwa kuwa wastani wa mvuto uko nusu ya kimo, uimara wa boriti ni mvuto wa juu kabisa wa nyuzi mara upana, mara mraba wa kimo, kugawa kwa 2.

Galileo alikuwa sahihi kwamba uimara hufuata mraba wa kimo. Ndiyo maana ubao ukisimamishwa kwa ubavu wake hubeba zaidi kuliko ukilazwa. Lakini kigawanyo hakikuwa sahihi. Kwa boriti ya mstatili inayofuata kanuni za unyumbufu ni 6, si 2. Anayejenga kwa hesabu ya Galileo anaiamini boriti yake mara 3 kupita uwezo wake. Chanzo ni egemeo lenyewe. Tukichukua momenti kuhusu egemeo, kani inayotenda pale hutoweka katika hesabu, kwa maana umbali wake ni sifuri, na hatulazimiki kuuliza ni kubwa kiasi gani. Katika mizani swali hilo halina madhara. Katika boriti lina madhara, kwa sababu nyuzi zote zikivuta upande mmoja, ukingo mwembamba kama uzi unapaswa kuusukuma mti kwa nguvu sawa na mivuto yote ikijumlishwa, na hakuna mti unaoweza kuvumilia hilo. Antoine Parent mwaka 1713, na Coulomb katika taarifa aliyoiwasilisha Paris mwaka 1773, walidai kani za mlalo nazo zijumlishwe hadi sifuri. Mara moja ilibidi sehemu ya chini ya boriti ikubaliwe kuwa inagandamizwa ilhali ya juu inavutwa. Sharti la momenti lilikuwa limetimizwa tangu 1638. Lililokosekana ni sharti la pili, ambalo wenzo ulikuwa umelificha chini ya egemeo lake.

Pierre Varignon ndiye aliyeanza kuliondoa egemeo katika hesabu. Katika kazi ya mwaka 1687 na katika kitabu kilichotoka 1725, baada ya kifo chake, alionyesha kwamba momenti ya kani tokeo kuhusu nukta yoyote ni sawa na jumla ya momenti za kani zinazoiunda. Nukta hiyo inaweza kuwa popote katika bapa, hata mahali pasipo na kitu. Leonhard Euler, mwaka 1775, akaandika milinganyo 6 ya gimba gumu, 3 ya kani na 3 ya momenti, pasipo kuitoa jamii moja katika nyingine. Clifford Truesdell alisisitiza katika karne ya 20 kwamba huo ulikuwa uamuzi wenye uzito: kanuni ya momenti haitokani na kanuni za Newton pasipo kuongeza dhana nyingine kuhusu namna chembe za gimba zinavyosukumana.

Lilibaki jambo moja ambalo waandishi walilipita haraka. Kani mbili zilizo sawa, sambamba na zenye kuelekeana kinyume hazina kani tokeo. Kanuni ya kawaida huitupa kani hiyo, yenye ukubwa wa sifuri, umbali usio na mwisho. Louis Poinsot, akiwa na miaka 26, alikataa kuliona hilo kuwa kasoro. Katika kitabu chake cha 1803 aliifanya jozi hiyo kuwa kipengele cha msingi, sawa na kani yenyewe. Alithibitisha kwamba jozi inaweza kuhamishwa, kuzungushwa, hata kubadilishiwa kani na umbali, na athari yake juu ya gimba gumu isibadilike ilimradi zao lake na mwelekeo wake vibaki vilevile. Na kwamba kani zozote zinazotenda juu ya gimba gumu, ziwe nyingi kiasi gani, zinaweza kupunguzwa ziwe kani moja na jozi moja. Dereva anayegeuza usukani kwa mikono miwili, kila mmoja ukitoa newton 20, mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma kwa umbali wa mita 0.4, anatoa momenti ya newton mita 8. Ni 8 kuhusu kitovu cha usukani, na ni 8 kuhusu mti ulioko kando ya barabara.