Unasaka habari za bahari na ardhi? Jua rafu za maktaba ya chuo



Nilipomaliza fomu foo nilidhani maktaba ya chuo kikuu ni ya wenye joho tu. Siku moja nikapata ruhusa ya kuingia kwenye moja. Nilikuwa nasaka habari za silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanzania walianza kumnasa mwaka 2003. Nikazunguka rafu za bahari saa nzima, nikatoka mikono mitupu. Kosa langu mwenyewe: nilikuwa rafu siyo. Wewe usipotee kama mimi.

RAFU ZENYEWE
Maktaba nyingi za vyuo hutumia herufi za mfumo wa Library of Congress wa Marekani:
QE – jiolojia: miamba, volkano, matetemeko, mabaki ya viumbe wa kale
GC – bahari yenyewe: mikondo, mawimbi, chumvi
GE – mazingira
QL – wanyama, samaki wakiwemo
SH – uvuvi

Umeona? Silikanti aliyegeuka jiwe yuko QE, aliye hai yuko QL. GC nilikuwa najisumbua bure! Ukikuta namba tupu, huo ni mfumo wa Dewey: 550 ardhi, 551.46 bahari, 577 ikolojia, 597 samaki.

SIYO VITABU TU
Kitabu cha nje hakikwambii habari za pwani ya kwenu. Hizo ziko kwenye tasnifu za wanafunzi, ripoti za miradi, ramani za jiolojia na majarida. Mara nyingi haviwekwi rafu za kawaida, kwa hiyo muulize mkutubi bila aibu. Kwa mambo ya bahari kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imeanzishwa 1978.

UKIWA HAPO HAPO KAFE
Western Indian Ocean Journal of Marine Science, jarida lililoanza 2002, linasomwa bure. AquaDocs ina maandiko ya bahari na maji baridi, bure pia. Biodiversity Heritage Library ina vitabu vya zamani vya viumbe. Njoo na flashi yako, pakua, ukasome nyumbani, maana dakika za kafe ni hela. OARE, iliyoanza 2006, ina majarida ya kulipia, ila hiyo inafunguliwa kupitia taasisi iliyojiandikisha. Muulize mkutubi kama wao wamo.

KWA NINI UJISUMBUE?
Mwaka 2009 Tanga ilipata hifadhi ya bahari kwa ajili ya silikanti huyo huyo. Hifadhi ikija, mvuvi anaambiwa wapi avue na kwa nyavu gani, na wanaomwambia wameshika ripoti mkononi. Mtoto wa mvuvi asipoisoma mwenyewe, atasomewa.

Kama unajua maktaba inayopokea watu wa nje ya chuo, dondosha maoni hapo chini, wengine wafaidike.