"Native": Neno Lililoamua Hatima ya Ardhi Basotu

Neno la Kiingereza "native" husikika leo kama neno lisilo na madhara. Mwanafunzi wa isimu hulikuta likimtaja mtu aliyeipata lugha tangu utotoni. Hata hivyo, kwa watu wa Basotu, wilayani Hanang, neno hilo liliwahi kuwa kipimo cha nani anaweza kudai ardhi mahakamani.

Asili yake ni Kilatini, *nativus*, yaani "wa kuzaliwa". Mzizi huo ndio uliozaa pia "nation" na "nature". Lakini katika Uingereza ya zama za kati, *nativus* alikuwa mtwana, mtu aliyezaliwa chini ya bwana mwenye ardhi. Neno lilibeba basi mambo mawili kwa pamoja: kuzaliwa na kutawaliwa.

Wakoloni walipolileta Tanganyika, jambo la pili ndilo lililotangulia. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yakatambua umiliki wa kimila, lakini kwa "natives" tu. Uhuru ulipopatikana 1961, Gavana aliondoka. Sheria yake ikabaki.

Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Yalifikia saba, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000. Wabarabaig walipoteza malisho bora, njia za mifugo na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw na baadhi ya wakazi wake wakaishtaki NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu zake: wadai hawakuthibitisha kwamba wao ni "natives". Robo karne baada ya Uhuru, Mtanzania alitakiwa kuthibitisha mahakamani kwamba yeye ni kile ambacho mkoloni alimwita bila kumuuliza.

Kiswahili kina njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Mwenyeji ni "mwenye mji". Kiingereza kinamtambua mtu kwa kuzaliwa kwake. Kiswahili kinamtambua kwa kuwa na mahali. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, lililotoka Mbulu, Mahakama ya Rufani ilikaribia fikra hiyo: iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, kwani vinginevyo wananchi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Sheria za Ardhi za 1999 zilichukua nafasi ya ile ya kikoloni. Je, tumemaliza? Sheria ya Ardhi Na. 4 inaihesabu ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika" kuwa sehemu ya ardhi ya jumla. Mfugaji anayehama kwa majira huacha malisho yapumzike. Afisa anayepita mwezi huo ataandika nini kwenye fomu yake?

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye katika utumishi wa umma, kabla hujaandika "ardhi tupu" au "mvamizi", uliza nani aliyelitunga neno hilo, na nani atalala nje kwa sababu yake.