Usuluhishi Uliokwepa Kumtaja Mvamizi: Tanzania, Uganda na Vita vya Kagera

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hukumbukwa zaidi kwa ushindi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania kuliko kwa miaka saba ya mvutano wa kidiplomasia iliyovitangulia, ilhali ni miaka hiyo inayoeleza kwa nini serikali iliyojijengea sifa ya kutetea umoja wa Afrika iliamua hatimaye kutumia silaha dhidi ya jirani yake.

Mpaka uliogombewa ulichorwa na wakoloni. Kwa mkataba wa 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba magharibi mwa Ziwa Victoria maeneo yao yatenganishwe na mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, bila kujali mto Kagera unapita wapi, na hivyo ardhi ya takriban kilomita za mraba 1,800 iliyo ng'ambo ya kaskazini ya mto huo ikabaki upande wa Tanganyika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yaani OAU, uliamua mjini Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe, kwa kuwa kuugusa mmoja kungefungua mlango wa kuigombania yote.

Uhusiano wa Tanzania na Uganda uliharibika tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwalimu Julius Nyerere alimpa Obote hifadhi na akakataa kuutambua utawala mpya. Mnamo Septemba 1972 wafuasi wa Obote zaidi ya 1,000 waliingia Uganda kutokea Tanzania, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikalipiza kwa kuzipiga Bukoba na Mwanza. Kwa hiyo Tanzania nayo ilikuwa imeonja njia ya silaha kwa mkono wa wakimbizi, na matunda yake yalikuwa machungu.

Hapo ndipo Rais Siad Barre wa Somalia alipoingilia kati, na Oktoba 1972 pande hizo mbili zikatia saini Mkataba wa Mogadishu, uliozitaka ziondoe majeshi yao umbali wa kilomita 10 kutoka mpakani na zisiwasaidie wapinzani wa serikali ya upande wa pili. Mkataba huo ulizuia vita kwa miaka sita, jambo lisilostahili kubezwa, lakini ulitenganisha majeshi bila kugusa kiini cha ugomvi, yaani uhalali wa utawala uliokuwa ukiwaua raia wake.

Oktoba 1978, huku jeshi la Uganda likikumbwa na uasi ndani yake, wanajeshi wa Amin walivuka mpaka, wakaua, wakabaka, wakaswaga ng'ombe na kupora kiwanda cha sukari cha Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba mpaka mpya ni mto. Daraja la Kyaka, njia kuu ya kuvukia, lilinusurika mashambulizi ya ndege, ndipo akatafutwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe akalivunja. Siku iliyofuata tangazo hilo, Nyerere aliwaambia wananchi kwamba Tanzania ina sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi.

Wasuluhishi wa OAU walizitaka pande zote mbili zijizuie, nao wakakwepa kumlaani aliyevamia. Nyerere alikataa usuluhishi wa namna hiyo, kwa hoja kwamba chombo kilichopitisha azimio la Cairo hakiwezi kumweka aliyevunja mpaka na aliyevunjiwa kwenye mizani moja. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwa maana mpatanishi anayeogopa kutaja kosa humnyima aliyedhulumiwa sababu ya kumsikiliza.

Kuwatimua wavamizi kulikuwa haki ya kujilinda isiyo na utata. Kuvuka mpaka Januari 1979 kulikuwa uamuzi wa aina nyingine. Lengo la awali, kuiadhibu miji ya Masaka na Mbarara, lilipanuka baada ya Libya kumpelekea Amin askari, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Katika mkutano wa OAU mjini Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuangusha serikali ya nchi nyingine. Gharama iliyokadiriwa kufikia dola milioni 500 iliwaangukia wananchi, walioombwa kufunga mikanda kwa miezi 18, na uhaba wa bidhaa ukadumu kwa miaka mingi kupita ahadi hiyo. Uganda nayo haikupata amani upesi.

Mwaka 2000, mjini Lomé, Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, mrithi wa OAU, iliupa umoja huo haki ya kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Haki hiyo ni bure ikiwa wanaosuluhisha migogoro ya Maziwa Makuu wataendelea kuona haya kumtaja mvamizi, kwa sababu mwaka 1978 ukimya wa wasuluhishi wa OAU haukuviepusha vita. Uliiacha Tanzania peke yake na uamuzi wa kupigana, na ukawaachia wananchi wa Kagera, Masaka na Mbarara mzigo ambao diplomasia yenye ujasiri ingeweza kuupunguza.