Ugonjwa wa Sukari katika Nyumba za Bukavu

Watu wengi wa Kadutu na Bagira husema hata leo kwamba ugonjwa wa sukari ni ugonjwa wa matajiri, yaani wa wale walao nyama kila siku na kwenda kwa motokaa. Maneno hayo hayakuzuka bure. Mganga Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo katika Uganda mwaka 1897, aliandika mwaka 1901 kwamba ugonjwa huo hauonekani sana huko, lakini ukimshika mtu humwua. Miaka mingi baadaye, mwaka 1989, Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, walitangaza habari za vijiji 6 vya Tanzania. Walipima damu ya watu wazima zaidi ya 6,000, wakakuta wenye ugonjwa hawafiki mmoja katika mia. Basi wazee wetu walisema waliyoyaona. Mambo yamegeuka, maneno yamebaki.

Tena kwetu Kivu liko jambo linalowapinga waziwazi wasemao hivyo. Hospitali ya watoto ya Lwiro, kaskazini ya Bukavu, imewatunza kwa miaka mingi watoto waliovimba kwa kwashiorkor. Wataalamu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu waliwatafuta watu waliotibiwa huko kati ya mwaka 1988 na 2007, ambao sasa ni vijana na wazazi, wakawapima pamoja na wenzao wasiopata utapiamlo huo utotoni. Waliopata njaa walionekana kuwa katika hatari zaidi ya kukusanya mafuta tumboni, pamoja na matatizo ya damu yanayomwandalia mtu ugonjwa wa sukari na wa moyo. Na mwezi wa Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuhesabu peke yake aina ya ugonjwa huu itokanayo na njaa ya muda mrefu. Je, mtoto wa Lwiro alikuwa tajiri?

Sasa tuitazame dawa, kwa maana historia yake yatufundisha mengi. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, waganga Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, wakaona mkojo wake umejaa sukari. Hivyo ilijulikana kwamba kongosho ndilo lenye siri. Lakini kwa muda wa miaka 30 na zaidi hakuna aliyeweza kuitoa siri hiyo. Mtoto akishikwa, waganga walimnyima chakula ili aongezewe miezi michache ya kuishi, naye alikufa akiwa mifupa mitupu. Mwishowe, huko Toronto katika Kanada, Banting na Best walipata maji ya kongosho yaliyoshusha sukari ya mbwa, na tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza. Dawa ilikuwa bado chafu, ikamdhuru. Collip akaisafisha, na siku 12 baadaye alidungwa tena, akapata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi. Wavumbuzi wakauza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe mali ya mtu. Wangaliona bei ya chupa moja ya insulini leo wangalishangaa.

Lakini insulini haikuponya. Iligeuza ugonjwa wa kufa kuwa ugonjwa wa kukaa nao. Aliyeelewa hayo mapema ni mganga Elliott Joslin wa Boston, ambaye tangu mwaka 1918 alikuwa ametoa kitabu cha kuwafundisha wagonjwa. Alisema maisha ya mgonjwa ni kama gari linalovutwa na farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi ya mwili. Farasi mmoja akikimbia peke yake, gari lapinduka.

Twaona kwamba hapo ndipo penye taabu ya Bukavu. Farasi wa mazoezi hatukosi, maana mji wetu ni milima, na mama apandaye kutoka ziwani mpaka Kadutu na mzigo kichwani hahitaji kuambiwa atembee. Yampasa tu atazame nyayo zake kila jioni, kwa sababu ugonjwa huu huua fahamu ya miguu, na kidonda kidogo cha kiatu huweza kuleta kukatwa mguu. Taabu ni chakula. Sindano ilibuniwa kwa nyumba yenye saa ukutani na sahani mezani mara tatu kwa siku. Katika nyumba nyingi za hapa watu hula mara moja, jioni, baba au mama akirudi na chochote alichopata. Mgonjwa akijidunga asubuhi kama alivyoandikiwa, kisha chakula kisije, sukari ya damu hushuka mno: atatetemeka, atatoka jasho, atasema ovyo, na asiposaidiwa ataweza kufa. Majirani hudhani amelewa, au amerogwa. Anayetambua na awahi kumpa maji ya sukari, kama bado aweza kumeza. Kwa hiyo mgonjwa amwambie mganga wake kwa wazi, bila haya, kwamba kwao hula mara moja, ili mganga aipange dawa kwa kufuata sufuria. Tumewaona wanaonyamaza kwa aibu, wakarudi na karatasi isiyofaa nyumba yao.

Juu ya chakula chenyewe hatuna la ajabu. Bugali wa muhogo na wa mahindi, wote hugeuka sukari tumboni. Mgonjwa apunguze tonge, aongeze maharagi, sombe isiyotiwa mafuta mengi, lenga-lenga na sambaza. (Samaki hao, tukumbushe, walitolewa ziwa la Tanganyika wakatiwa katika Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya hapo hakuna babu aliyewala hapa.) Kasiksi ni hatari kwa mwenye sindano, hasa akiinywa bila kula.

Wengine huogopa kwamba hawana friji, au umeme hukatika. Hilo lisiwakatishe tamaa. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kila siku kudungwa, kwa kuwa insulini haikuruhusiwa kukaa katika joto la hema. Waganga Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima dawa, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba ilidumu na nguvu yake wiki 4 katika joto la kati ya digrii 25 na 37. Bukavu, iliyo kwenye mita kama 1,500, ina baridi kuliko hapo. Chungu cha udongo chenye kulowanishwa, mahali pa kivuli, chafaa kwa chupa inayotumika.

Linalotisha zaidi ni njia kufungwa. Mji wetu ulitekwa Oktoba 1996, tena Juni 2004, tena Februari 2025 M23 walipoingia, uwanja wa ndege wa Kavumu ukiwa umekwisha kutekwa na benki zikafungwa.  Asiye na insulini kabisa mwilini hana siku nyingi. Huko Shanghai, wakati wa vita ya pili ya dunia, dawa zilipokwisha, Eva Saxl, mkimbizi aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, na mumewe Victor walitengeneza insulini kwa kongosho za nyati, wakaijaribu kwanza kwa sungura, wakaokoa mamia ya watu. Hatumshauri mtu kuiga jambo hilo jikoni kwake. Nyumba moja tunayoijua, katika Februari ile, ilikuwa na chupa mbili: moja chunguni, moja kwa shangazi ng'ambo ya mto Ruzizi, pamoja na sindano, nakala ya karatasi ya mganga na pakiti ya sukari. Walipokimbia usiku, kijana wao hakukosa kudungwa hata siku moja.